Bucephalus: mtazame Alexander siku ambazo hakumpanda farasi wake

#1 Kwato Nne (mtoa mada)

Wakuu, salamu. Wiki hizi mbili humu jukwaani ni nyuzi za wafalme tu: nani alitawala wapi, nani kamuua nani, nani kamrithi nani. Nimekaa kando nasoma. Leo naleta wangu, na mhusika mkuu ana miguu minne: Bucephalus, farasi wa Alexander Mkuu. Nashusha kwa vipande, naandikia simu na chaji iko asilimia 40.

Nianze na kisa ambacho wengi mnakijua, nikipitie mbio mbio maana sicho kilichonileta.

Tuko Pella, mji mkuu wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, miaka ya 340 na kitu KK. Mfalme ni Philip wa Pili. Anaingia mfanyabiashara kutoka Thessaly aitwaye Philonicus, anaswaga farasi dume mmoja, anataka talanta 13. Thessaly ndiko kulikokuwa na farasi wa kutamba. Wanashuka uwanjani kumjaribu, farasi hashikiki. Kila anayesogea anainuliwa kwato za mbele. Philip anakereka, anasema mwondoeni, mmeniletea hayawani mtupu.

Pembeni yuko kijana wake Alexander, bado mtoto, anakisiwa miaka 12 hadi 14. Ananung'unika kwamba wanampoteza farasi wa maana kwa kukosa ujuzi na kukosa moyo. Baba kimya. Kijana anarudia. Baba anamgeukia: unawasema wakubwa zako kama vile wewe unajua kuliko wao? Kijana: huyu mimi namuweza. Na ukishindwa? Nalipa bei yake. Watu wakaangua kicheko, dau likawekwa.

Akamwendea, akashika hatamu, akamgeuza uso kuelekea jua. Alikuwa ameona jambo ambalo wenzake hawakuliona: farasi anatishwa na kivuli chake mwenyewe kinachocheza mbele yake. Akatembea naye kidogo huku anampapasa, mpaka pumzi zikatulia. Akadondosha joho lake taratibu, akaruka mgongoni. Hakumkaba kwa lijamu. Alipoona vitisho vimeisha na mnyama anataka mwenyewe kukimbia, akamwachia, wakatoka shoti mpaka mwisho wa uwanja, wakageuka, wakarudi. Philip akalia kwa furaha, akambusu kichwani, akamwambia: mwanangu, tafuta ufalme unaokutosha, Makedonia haikutoshi.

Hivi ndivyo anavyosimulia Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za Warumi, na wasimulizi wengi hufunga kitabu hapo. Mimi ndipo nafungua.

#2 chumvi_ya_mawe

Nimekaa pale na karanga zangu. Mkuu shusha, usije ukatuachia "itaendelea" halafu ukapotea miezi mitatu kama wale wa nyuzi za majini.

#3 Daftari la Mzee

Mtoa mada, kabla hujaendelea. Hizo talanta 13 ni pesa ngapi kwa akili ya mtu wa kawaida? Maana kwenye Injili kuna yule aliyepewa talanta moja akaifukia, na siku zote nilidhani ni visarafu.

#4 Kwato Nne (mtoa mada)

Mzee wangu, yule wa Injili alifukia ujira wa miaka mingi.

Talanta moja ya Athens ilikuwa kama kilo 26 za fedha, yaani drakma 6,000. Drakma moja ilikuwa kama ujira wa fundi au askari kwa siku. Kwa hiyo 13 ni drakma 78,000, kama kilo 340 za fedha. Fundi angefanya kazi miaka 200 na ushee bila kula.

Farasi mzuri wa vita Athens alikuwa drakma mia kadhaa. Yule wa bei ya juu kabisa alifika 1,200. Piga hesabu: unapata farasi 65 wa daraja la kwanza kwa bei ya huyu mmoja.

Na kuna hii, ambayo mimi ilinifanya niweke simu chini. Alexander alipovuka kwenda Asia mwaka 334 KK kupigana na Uajemi, hazina ya kulisha jeshi lake, kwa simulizi mojawapo, haikuzidi talanta 70. Sabini kwa vita nzima. Farasi peke yake 13.

#5 Nyundo ya Hoja

Ndipo ninaposema hizi ni chumvi za waandishi. Plutarch kaandika zaidi ya miaka 400 baada ya tukio. Arrian, mwandishi mwingine wa habari za Alexander, naye yuko huko huko karne ya pili BK. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo uwanjani. Halafu yale mazungumzo ya baba na mtoto, nani alikuwa anaandika? Karani alikaa na daftari anangoja mtoto aseme maneno ya kihistoria?

Nasoma uzi, lakini kila kitu nakishika kwa vidole viwili.

#6 Kwato Nne (mtoa mada)

Nyundo, shika hivyo hivyo, wala sikulaumu. Maneno ya Philip yamekaa kama maneno ya mtu aliyekwisha kujua mtoto atakuja kuwa nani. Lakini farasi mwenyewe alikuwepo. Waandishi wanagombana kuhusu bei, rangi, umri, aliibiwa wapi na alikufa kwa nini, na hakuna hata mmoja anayebishana kwamba alikuwepo.

Jina kwanza. Kwa Kigiriki ni Boukephalas, yaani "kichwa cha ng'ombe". Arrian anatoa maelezo mawili: ama alipigwa chapa ya kichwa cha ng'ombe, ama alikuwa mweusi mwili mzima na baka jeupe kichwani lenye umbo hilo. Halafu nenda kaitazame ile picha ya vijiwe iliyofukuliwa Pompeii, iko makumbusho ya Naples, Alexander anamkimbiza Dario, mfalme wa Uajemi: farasi ni wa kahawia. Fundi wa vijiwe hakumuuliza mtu.

Sasa nije kwenye nilichokuja nacho.

Watu wanapima mapenzi ya Alexander kwa farasi huyu kwa siku ya kwanza, ile ya kivuli. Mimi napima kwa siku ambazo hakumpanda.

Mto Granicus, 334 KK, vita ya kwanza Asia. Alexander anaingia majini mbele ya watu wake, anazingirwa, kofia ya chuma inapasuliwa kwa shoka, Cleitus, kamanda wake mmoja, anamwokoa kwa nukta moja. Baadaye katika vita hiyo hiyo farasi wake anachomwa upanga mbavuni, anakufa. Plutarch anaona ni lazima atutoe wasiwasi: huyo aliyekufa si Bucephalus, ni mwingine.

Gaugamela, 331 KK, vita kubwa kuliko zote, huko kaskazini mwa Iraki ya leo. Asubuhi Alexander anazunguka mistari, anapanga watu, anahimiza, anakagua. Kazi ya saa nyingi, huku na huko. Anaifanya juu ya farasi mwingine. Plutarch anasema alikuwa akimwonea huruma Bucephalus kwa kuwa umri ulishakwenda. Wakati wa kushambulia ndipo Bucephalus aliletwa, akampanda, na papo hapo shambulio likaanza.

Yaani jeshi zima lilijua: akiletwa yule mweusi, maneno yamekwisha.

Mtu anakwenda kupigania dunia, na kichwani anahesabu pumzi za mzee wake mmoja mwenye miguu minne. Hili ndilo lililonileta.

#7 chumvi_ya_mawe

Karanga zimeisha nimehamia kwenye korosho.

#8 Mpita Njia 77

Si ndiye huyu farasi wake alimfanya waziri? Au nimechanganya?

#9 Nyundo ya Hoja

Umechanganya ndugu. Huyo ni Caligula, Kaisari wa Roma, karne ya kwanza BK. Farasi wake aliitwa Incitatus, alijengewa zizi la marumaru, hori la pembe za ndovu, na blanketi za zambarau. Uvumi ni kwamba Caligula *alikusudia* kumfanya konsuli. Hakumfanya. Aliuawa kabla, na hata hilo kusudio huenda lilikuwa dhihaka kwa maseneta: kazi yenu hata farasi anaiweza.

Tofauti ni kwamba Incitatus alikuwa wa mashindano. Hakubeba mtu vitani.

#10 Binti wa Saisi

Jamani mimi huwa sichangii, nasoma tu na kupita. Lakini hapa mmenigusa.

Marehemu baba yangu alikuwa saisi Molo, Kenya, miaka mingi. Kwa wasiojua, saisi ni yule mtunza farasi: anamlisha, anamsugua, anamtembeza, anakaa naye usiku akiumwa tumbo. Baba alikuwa akinuka farasi mpaka Jumapili kanisani, na mama aliacha kugombana naye kuhusu hilo kabla sijazaliwa.

Kwenye kisa cha kivuli mtoa mada amepita haraka mno. Farasi macho yake yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote kwa mpigo, ila pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia hapaoni. Halafu akitoka gizani kuja mwangani, au kinyume chake, macho yake yanachelewa kuzoea kuliko yetu. Sasa mweke uwanjani, jua liko mgongoni kwake, ardhi kavu nyeupe, na chini ya pua yake kuna kitu cheusi kinachoruka kila akiruka. Ongeza wanaume wanaopiga kelele, kila mmoja ana joho linalopepea, na kila joho lina kivuli chake. Angetulia vipi?

Ndiyo maana kwangu mimi ufundi wa yule kijana ni lile joho. Alilidondosha *taratibu*. Wengine walipanda nalo, likapepea, farasi akafa kwa hofu. Hapo namwamini, maana mtu ambaye hajawahi kushika farasi asingelitia joho kwenye hadithi.

Baba alikuwa na farasi jike wa kijivu aliyekataa kuingia zizini saa kumi jioni. Asubuhi anaingia, saa kumi hataki. Wenzake wakamvuta, wakamsukuma, mmoja akapigwa teke la paja. Baba akawaambia waondoke. Akasimama karibu na bega la yule jike, hakumtazama usoni, akatoa muwa mfukoni akaanza kumenya kwa meno. Nilikuwa nimekaa juu ya ua, ninamwona anatema makapi. Alikula muwa mzima. Kumbe mlango ulikuwa unaelekea magharibi, na saa kumi kivuli cha mti wa nje kilikaa pale kizingitini kama shimo. Baba akakanyaga kile kivuli, akarudi, akakikanyaga tena. Mara ya tatu jike akamfuata mwenyewe.

Baba hakuwahi kusikia habari za Alexander.

#11 Daftari la Mzee

Binti, Mungu amrehemu mzee wako. Nimesoma mara mbili.

#12 Kwato Nne (mtoa mada)

Dada, uzi huu sasa ni wako, mimi ni mpangaji tu.

Kuhusu utulivu wa mzee wako mbele ya yule jike: Xenophon, Mgiriki aliyetangulia kidogo zama za Alexander na aliyeandika mafunzo ya farasi, kanuni yake kuu ilikuwa usimwendee farasi ukiwa na hasira. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo Ugiriki. Wale wa uwanjani Pella hawakukosa kitabu, walikosa subira.

Na mjue kwamba hawakuwa na tandiko la ngozi kama la leo. Walitumia kitambaa tu mgongoni, au mgongo mtupu. Vikuku vya kutilia miguu havikuwepo, Ulaya ilivipata karne nyingi baadaye. Unaruka kutoka chini, unakaa kwa nguvu za mapaja, mkono mmoja hatamu, mwingine mkuki mrefu. Farasi akikukataa, hukai.

#13 Binti wa Saisi

Nina swali la umri. Nimesoma mahali kwamba alikufa ana miaka 30. Kweli?

#14 Kwato Nne (mtoa mada)

Ndivyo wanavyosema Arrian na Plutarch, na chanzo ni Onesicritus aliyekuwa kwenye msafara. Alikufa mwaka 326 KK, kando ya mto Hydaspes, ambao leo ni Jhelum, Pakistani, baada ya vita na mfalme Porus aliyekuwa na ndovu.

Shida ni kwamba Alexander alizaliwa 356 KK. Rudi nyuma miaka 30 kutoka 326 KK unapata mwaka ule ule. Tamu sana: mfalme na farasi wamezaliwa pamoja.

#15 Binti wa Saisi

Tamu kupita kiasi. Basi siku ya kuuzwa alikuwa na miaka 12 au zaidi. Farasi wa miaka 12 ambaye hajapandwa, kwa talanta 13? Umri wa farasi unasomwa menoni, na hao watu wa Philip hawakuwa vipofu. Huyo Philonicus angetimuliwa getini.

Kama siku ile alikuwa na miaka minne au mitano, ambao ndio umri wa kumfundisha, basi alikufa ana kati ya 20 na 23. Hapo ni mzee kweli, na kwa farasi wa vita ni mzee mno. Hiyo 30 wamemwongezea heshima, kama tunavyowaongezea babu zetu.

#16 Nyundo ya Hoja

Dada umenifurahisha. Hiyo ndiyo nyundo.

#17 Shehe wa Kijiweni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huyu Alexander si ndiye Iskandari, Dhulkarnaini aliyetajwa katika Suratul Kahf? Na kama ndiye, mbona mnamsema kama mtu wa vita na pombe?

#18 Kwato Nne (mtoa mada)

Waalaykum salaam shehe wangu. Wafasiri walitofautiana: wapo waliosema ndiye, wapo waliokataa kabisa kwa sababu Iskandari wa Makedonia aliabudu miungu mingi. Hilo nawaachia wenye elimu yake, sitalitolea fatwa kwenye uzi wa farasi.

Ila kuhusu pembe, maana Dhulkarnaini ni "mwenye pembe mbili", nina jambo la kukuongezea. Alexander alikwenda oasisi ya Siwa, Misri, kwa kuhani wa Amun, mungu wa Misri, na alama ya Amun ilikuwa pembe za kondoo dume. Baada ya kufa kwake, mfalme Lysimachus, aliyekuwa mmoja wa majemadari wake, alitoa sarafu zenye sura ya Alexander na pembe imejikunja juu ya sikio. Na jemadari mwingine, Seleucus, akatoa sarafu zenye kichwa cha *farasi* mwenye pembe. Wapo wanaosema yule ni Bucephalus. Bwana ana pembe, mnyama wake ana pembe.

#19 Mpita Njia 77

Ile ya kuibiwa vipi? Mliitaja juu juu.

#20 Kwato Nne (mtoa mada)

Ahsante kwa kunikumbusha, chaji imefika 17.

Jeshi liko Uajemi, washenzi (nawaita kama Wagiriki walivyowaita, msinirukie) wanavamia na kuondoka na farasi wa mfalme, Bucephalus akiwemo. Arrian anasema ilikuwa nchi ya Wauxii, Plutarch anasema Hyrcania, kusini mwa bahari ya Kaspi, Diodorus, mwandishi mwingine wa Kigiriki, anasema ni Wamardi, nao ni wa upande huo huo wa Kaspi. Kila mmoja na ramani yake.

Wanachokubaliana ni jibu. Alexander akatuma tangazo: farasi asiporudi, nawamaliza nyote. Diodorus anaongeza kwamba akaanza kukata miti ya nchi ile hapo hapo, waone kwamba hatanii. Farasi akarudishwa mara moja, na zawadi juu yake. Kwa Plutarch, Alexander akafurahi hata akawalipa waliomrudisha fedha za kumkomboa. Aliyetishia kuua kabila zima jana, leo anafungua mfuko.

#21 Nyundo ya Hoja

Na hapo ndipo uzi wako unapochechemea, mtoa mada. Unamsifu kwa huruma kwa farasi. Huyu huyu mwaka 328 KK, kalewa karamuni, akamchoma mkuki Cleitus. Cleitus yule yule wa Granicus! Aliyemwokoa kichwa chake! Aliona kivuli cha farasi asubuhi moja, lakini hofu za watu wake wa karibu hakuziona miaka yote ile. Angemgeuza Cleitus kuelekea jua basi.

#22 chumvi_ya_mawe

🔥🔥 Moderata, piga uzi huu nanga ubaki juu.

#23 Kwato Nne (mtoa mada)

Sipingi. Baada ya kumuua Cleitus alilia siku kadhaa, hakula, hakunywa. Lakini Cleitus alikuwa na mdomo. Siku ile alimwambia usoni kwamba ushindi ni wa Wamakedonia na si wake peke yake, na kwamba baba yake Philip alikuwa mtu zaidi yake. Farasi hakuwahi kumwambia hivyo.

Sijamwita mwema. Nimesema huruma aliyokuwa nayo ilikwenda wapi.

#24 Mtoro wa Pwani

Nimefika nimechelewa, nilikuwa kazini. Naongeza kitu cha kwetu, na si cha kubandika kwa gundi.

Bucephalus alipokufa, Alexander alijenga mji kando ya mto ule, akauita Bucephala, kwa jina la farasi. Ng'ambo ya pili akajenga Nicaea, mji wa ushindi. (Plutarch anasema alijenga na mji wa mbwa wake Peritas, tusiende huko.)

Sasa kuna kile kitabu kidogo cha safari za bahari ya Hindi, Periplus, cha karne ya kwanza BK, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri ambaye hakuacha jina. Walimu wetu wa historia walikipenda sana, kwa sababu ndicho kinachotaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko la mwisho la Rhapta, na watu wake na mitumbwi yao ya kushona. Hiyo ni sura ya 16. Endelea kusoma kitabu hicho hicho, sura ya 47, ukifika bandari ya Barygaza kule Gujarat, mwandishi anaeleza nchi za bara zilizo nyuma yake, na humo anataja Bucephalus Alexandria.

Karibu miaka 400 baada ya farasi kufa, baharia aliyejua bei ya pembe za ndovu Rhapta alikuwa pia analijua jina lake.

#25 Daftari la Mzee

Hii sikuijua, na nimefundisha historia sekondari miaka 26. Sura ya 16 nimeisoma darasani nisihesabu mara ngapi, sikuwahi kufunua mbele.

#26 Mpita Njia 77

Swali la pembeni. Kwa nini sisi huku hatuna wafalme wenye farasi? Hadithi zetu za vita ni za miguu na majahazi.

#27 Mtoro wa Pwani

Mbung'o, kaka. Ukishaingia bara kidogo, nagana, ugonjwa wanaoueneza, inamaliza farasi na ng'ombe. Juu yake kuna tauni ya farasi, inayoletwa na vijidudu vinavyouma usiku. Visiwani na mijini pwani farasi walikuwepo kwa wenye uwezo, lakini heshima ya barabarani aliichukua punda, hasa punda wa Maskati, mweupe, mrefu, wa kupandwa na mtu mwenye kanzu safi. Farasi tulimjua zaidi kwenye tenzi za maghazi kuliko zizini.

#28 Kwato Nne (mtoa mada)

Chaji 9. Nimalizie kifo.

Usiku wa mvua na radi, Alexander anavusha sehemu ya jeshi Hydaspes kimya kimya, upande wa juu wa mto kutoka ilipo kambi ya Porus. Vita vinakuwa vikali, ndovu wanakanyaga rafiki na adui. Ushindi ni wa Alexander. Bucephalus anakufa. Arrian anasema hakuchomwa na mtu, alichoka kwa joto na miaka. Wengine wanasema ni majeraha, na Plutarch anasema hakufa siku ile, alikufa baadaye, akiwa anatibiwa.

Mimi naamini wa kutibiwa. Kwa sababu ndiyo inayofanana na yule wa Gaugamela. Kuna mtu aliamua mnyama yule asimalizwe uwanjani, apelekwe nyuma, afungwe vidonda. Alexander mwenyewe akaishi miaka mitatu tu baada ya hapo, akafa Babeli 323 KK, hajatimiza 33.

#29 Binti wa Saisi

"Kuna mtu." Haya, nimengoja mpaka mwisho mtoa mada afike hapo.

Juu umeandika kwamba alimkataa kila mtu isipokuwa Alexander?

#30 Kwato Nne (mtoa mada)

Sikuandika dada, lakini Arrian ndivyo anavyosema, hakupandwa na mwingine. Diodorus ana toleo jingine: akiwa mtupu, bila mapambo, alikubali saisi ampande. Akishavikwa vazi la kifalme, basi ni Alexander peke yake, na alikuwa akijishusha ili apandike kwa urahisi.

#31 Binti wa Saisi

Namwamini Diodorus. Maana farasi hatoki Makedonia mpaka Pakistani kwa kupandwa vitani tu. Kuna kumpeleka mtoni alfajiri. Kuna kumtoa mawe kwenye kwato kila jioni, na wakati ule viatu vya chuma vya misumari havikuwepo, kwa hiyo kwato zilikuwa zinakula njia zenyewe. Pale Gaugamela, Alexander anazunguka na farasi mwingine, huyu mzee kashikwa na nani? Nani alisimama naye saa zote hizo, na majeshi mawili yanapiga kelele, akamtuliza mpaka wakati wa kuletwa? Mnasema "akaletwa". Aliletwa na nani?

Baba alikuwa anafanya hivyo siku za mashindano. Anakaa na farasi nyuma ya banda, anamfunika macho kwa mkono wake, anamwimbia kwa Kikuyu. Halafu anakuja mwenyewe mwenye farasi, anapanda, wanapigwa picha.

Jina la huyo saisi wa Alexander ni nani?

#32 Kwato Nne (mtoa mada)

Hakuna aliyeliandika, dada. Wameandika jina la muuzaji, na jina la mbwa.

Chaji 4.

#33 Binti wa Saisi

Wangu aliitwa Kamau. Kachaji simu.